Kinu Kilichoacha Kuita

Baba alipopoteza sauti, watu walianza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni kule Plateau, nje ya mji wa Eldoret, upande mmoja wa uso umelegea, macho yamefumba nusu. Nje ya wodi, kwenye benchi refu la mbao, mazungumzo ya jamaa zangu yalikuwa yamekwisha kufika kwenye shamba. Nani achukue upande wa barabara. Nani abaki na nyumba. Binamu yangu mmoja alikuwa ameanza kumwita marehemu, na hakuna aliyemrekebisha.

Niliingia nikainama kumsalimia. Kilichonishtua hakikuwa uso wake, ilikuwa harufu. Alinukia sabuni. Maisha yangu yote baba alinukia dizeli, hata Jumapili akiwa ndani ya koti lake la kanisa, hata miaka mingi baada ya kinu cha mahindi alichokiendesha kuuzwa. Muuguzi alikuwa amemwosha vizuri, kidole kwa kidole, na chini ya ile sabuni sikuweza kumpata. Nikakigeuza kiganja chake cha kulia ili nihakikishe. Kovu lilikuwepo, limepinda kama mwezi mchanga, jeupe na laini. Nilisimama nimelishika huku nikirudi mbali sana, kwenye msimu ule ambao nusura tupoteze mahali pa kukaa.

Tulifika Uasin Gishu kwa lori tukitoka Mkoa wa Kati. Mimi nilikuwa mdogo, nimewekwa juu ya magodoro ili nisigongwe na vyombo. Kuhusu kuondoka kwetu ninakumbuka jambo moja tu: mama akizunguka kwa majirani na kikapu, akiwagawia unga uliobaki nyumbani, kila mtu konzi moja kiganjani. Lori halikuwa na nafasi ya kila kitu, na mama hakutaka kuwauzia watu aliokuwa akiwaaga. Kila mama aliyepokea alifumba mkono na kumtazama mama yangu machoni. Siku ile nilijiwekea kichwani kwamba ukimwona mtu anagawa unga konzi konzi, mtu huyo anakwenda na harudi.

Shamba tulilofikia, kaskazini ya mji wa Eldoret kabla ya kufika soko linaloitwa Ziwa, lilikuwa la mzungu mmoja aliyeuza na kuondoka baada ya uhuru. Wazee wa kwetu walikuwa wamejiunga wakalinunua kwa pamoja, kisha kamati yao ikaligawa vipande. Baba hakuwa na hisa kama wengine. Alichokuwa nacho ni mikono. Alikuwa amefanya kazi ya kupaka grisi na kuwasha injini katika kiwanda cha kahawa, na kamati ilikuwa imenunua kinu cha kusagia mahindi ambacho hakuna mtu aliyejua kukiwasha. Basi walimpa kipande cha ardhi kwa sharti lililosemwa mbele ya watu wote, kwenye ua wa ghala la mzungu.

"Wewe hisa yako ni mashine," alisema Mzee Gathogo, mwenyekiti, aliyekuwa amevaa koti zito aliloachiwa na yule mzungu. "Mashine ikisaga, shamba ni yako. Mashine ikikufa, na wewe umehama."

Watu walicheka. Baba alicheka pia. Mama aliendelea kunifunga kitambaa kichwani, akakaza fundo mpaka likaniuma.

Injini ya kinu ilikuwa ya silinda moja, na magurudumu mawili mazito ubavuni, na ilipozwa na pipa la maji lililosimama karibu yake. Ilikuwa imetoka katika shamba la mkonge huko tambarare, penye joto. Iliwashwa kwa hendeli, mkono wa chuma wa kuzungusha. Baba alijisukuma nayo kwa mwili mzima, akapandisha kijiti fulani cha chuma juu ya silinda, akakiachilia, na kibanda chote kikaanza kutetemeka. Vumbi la unga lilishuka kutoka kwenye mabati kama ukungu. Mama alisimama kwenye bomba la unga akishikilia gunia, unga ukishuka ukiwa moto, nyusi zake nyeupe.

Lakini fahari yetu ilikuwa filimbi. Wasomaji wa rika langu waliokulia nyanda za juu wanajua ninachosema. Wakati ule kinu kilikuwa hakina kibao wala saa ya kufungua. Kila mwenye kinu aliweka kitu kwenye ncha ya bomba la moshi ili lipige kelele, na watu waliposikia walijua kwamba injini imewaka, wakajitwika mahindi. Kila kinu kilikuwa na mlio wake. Kile cha Ziwa kiliita kwa sauti nyembamba kama ndama aliyepotea. Cha kwetu baba alikitengenezea filimbi mwenyewe, kopo zito la chuma alilolipeleka mjini kulehemiwa, lenye mdomo mwembamba. Moshi ulipolazimishwa kupita pale ulitoka ukisema huu, huu, huu, sauti nzito iliyoshuka bondeni, ikavuka mto na kupanda hadi kwenye boma za Wanandi upande wa pili. Kogo Tabutany, bibi mmoja wa upande ule, alizoea kumtania baba akija kusaga: "Hii fahali yako ikilia asubuhi, ng'ombe yangu inataka kuolewa."

Mimi niliamini ile sauti ndiyo pumzi ya injini. Tena niliamini moshi mweusi uliotoka pale ndio nguvu zake, na ulipokuwa mweusi zaidi niliwaringia watoto wengine.

Kisha dizeli ikaadimika. Wakubwa walisema kuna vita mahali fulani mbali, kwenye nchi zenye mafuta. Ninachokumbuka ni baba akienda mjini kwa baiskeli, mtungi umefungwa nyuma, na akirudi jioni nikausikia mtungi ukigongagonga kabla hata sijamwona, kwa sababu mtungi mtupu hupiga kelele njia nzima. Akaenda tena. Mtungi ukarudi ukigonga. Mvua ya Julai ilikuwa inanyesha, baridi ile ya Eldoret inayoingia kwenye mifupa, na mahindi shambani yalikuwa bado mabichi.

Mwenyekiti ndiye aliyepata pipa moja, hatukuambiwa wapi. Lilishushwa mbele ya kibanda na vijana wa kamati huku mama na mimi tukitazama.

"Hii ndiyo ya mwisho," alimwambia baba, ambaye watu walimwita kwa jina langu. "Ingine itakuja watu wakivuna, kama itakuja. Baba Nyambura, nisikilize vizuri. Ikiisha kabla ya mavuno, sisi hatuwezi kukaa na mtu wa mashine bila mashine. Kuna mtu ako na trekta anataka kuingia. Trekta italimia watu wote. Wewe unaelewa?"

"Naelewa, Mzee."

"Si mimi. Ni kamati."

Alipoondoka, baba alichukua fimbo nyembamba ya muwati, akaiingiza kwenye tundu la pipa mpaka chini, akaitoa na kutazama pale unyevu ulipofika. Akakata alama kwa kisu. Kutoka siku ile fimbo ilikaa kwenye kona ya nyumba, na kila baada ya kusaga aliitumbukiza tena. Alama mpya ilikuwa chini ya ile ya zamani, na pengo kati yake lilikuwa kubwa mno. Hata mimi nisiyejua hesabu niliweza kuona kwamba fimbo itaisha kabla ya mahindi kukauka.

Hapo ndipo baba alipoanza kupigana na ile injini. Alichuja dizeli kwa leso ya mama iliyokunjwa mara kadhaa, ili uchafu usiende nayo. Alifungua nozeli, ile sindano inayonyunyiza mafuta ndani ya silinda, akaisugua kwa majivu laini na kuipuliza kwa mdomo, midomo yake ikawa myeusi. Aliosha filta ya hewa. Aliwaomba watu wasije mmoja mmoja bali wangoje wawe kundi, kwa kuwa kila kuwasha kulikula mafuta bure. Alikaza skrubu ya pampu ili dizeli iingie kidogo, na injini ikakosa nguvu, mkanda wa kuzungushia kinu ukateleza, mahindi yakatoka yamevunjika vipande kama chakula cha kuku, na mama mmoja akamrudishia gunia miguuni. Akailegeza tena. Alijaribu kuchanganya mafuta ya taa, na injini ikagonga vibaya sana ndani, kama mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku, akaizima haraka.

"Hewa ya huku ni nyepesi," alimwambia mama. "Hii injini ilizoea hewa ya mkonge. Inapewa dizeli ya kule na hewa ya huku. Huu moshi mweusi wote unaona, ni dizeli imetoka bila kufanya kazi."

Nilitoka nje nikavuta hewa kwa pua nione uzito wake. Sikuona tofauti. Kilichoniumiza ni kwamba moshi niliouringia ulikuwa ndio shamba letu likipotelea angani.

Akagundua pia kwamba maji ya pipa yalikuwa baridi mno asubuhi, na injini baridi hunywa zaidi. Alilizungushia pipa magunia. Yalipokuwa hayatoshi aliingia nyumbani, akatazama huku na huku, akachukua blanketi langu. Nililala chini ya koti la mama huku pipa la maji limevaa blanketi langu la kijivu lenye mstari mwekundu. Nilimchukia yule fahali wa chuma kwa moyo wangu wote. Nilidhani baba anampenda kuliko sisi. Sikuona kwamba alikuwa anamnyonga taratibu ili atupatie sisi mahali pa kulala.

Kila kitu alikigusa isipokuwa filimbi. Kuigusa hakukumjia akilini. Filimbi haikuwa sehemu ya injini kwake. Ilikuwa mlango wa duka.

Asubuhi moja, kinu kikiwa kimewaka na mama ameshika gunia la kwanza, boliti za filimbi zilizolegezwa na mtetemo wa miaka ziliachia. Filimbi iliruka, ikapiga bati la kibanda na kuanguka kwenye nyasi, na kuku wakatawanyika. Injini ikaharakisha. Mkanda ukalia kwa kasi. Na ile sauti nzito iliyojaza bonde ikakatika, pakabaki mlio wa chini, laini, kama mtu anayejiongelea akiwa kazini.

Niliziba uso. Niliamini imekata roho na kwamba ule mzunguko ni kama wa kuku aliyechinjwa.

Nilipofungua macho, baba alikuwa amesimama nje akitazama juu. Kutoka kwenye bomba hapakutoka kitu ila hewa inayocheza, ile inayofanya miti ya nyuma ionekane inatetemeka. Akafunga kitambaa cheupe kwenye fimbo, akakishikilia juu ya tundu la bomba kwa muda, akakishusha. Kilikuwa kimechafuka kidogo tu, rangi ya chai. Akamwonyesha mama. Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande na kuanza kucheka.

"Ilikuwa imezibwa pumzi," alisema. "Mama Nyambura, ni mimi niliiziba! Moshi unakosa pa kutokea, hewa mpya inakosa pa kuingia. Ni mimi mwenyewe na filimbi yangu!"

Jioni fimbo ilipotoka kwenye pipa, alama mpya ilikaribia kugusana na ya jana. Baba aliitembezea kidole juu na chini. Nilimsikia akimwambia mama kwamba kwa mwendo huu pipa litafika mavuno.

"Na watu watajuaje kama tunasaga?" mama akauliza.

Baba aliirudisha fimbo kwenye kona.

Siku iliyofuata walikuja watu wachache waliokuwa wakipita njia. Siku iliyoifuata hiyo, wachache zaidi. Injini haikuita, na sasa haikutoa hata moshi ambao mtu angeuona kutoka kilimani. Kadiri ilivyofanya kazi vizuri ndivyo ilivyofanana na iliyokufa. Baba alijaribu kuupanua mdomo wa filimbi kwa patasi. Ikatoa mkoromo usiofika hata mtoni. Basi akafikiria kuubana tena mdomo wake na kuirudisha kama ilivyokuwa, aite nayo asubuhi kwa muda mfupi tu, kisha aitoe injini ikiendelea kusaga. Aliita nayo, watu wakaanza kuonekana mbali na magunia. Akapanda kwenye ngazi akiwa ameshika gunia lililoloweshwa ili aitoe. Gunia likateleza. Chuma chekundu kikamkaa kiganjani.

Hakupiga kelele. Alishuka, akautumbukiza mkono kwenye pipa lililovaa blanketi langu, na akakaa hivyo, paji la uso limeegemea ukingo wa pipa. Mama alikimbilia kuzima injini lakini baba akasema kwa sauti ndogo, "Usizime. Watu wanakuja. Wacha isage."

Filimbi ile ilishushwa kwa koleo, ikapoa, ikawekwa chini ya kitanda, na haikurudi juu tena.

Baadaye nilikuja kufahamu jinsi habari ilivyokwenda. Kule kwenye boma, kule kwa wanakamati, kule njia ya Ziwa, watu walikuwa wakiambizana kwamba mashine ya Baba Nyambura imekufa. Hakuna aliyekuja kuangalia; hata waliosaga siku ile baba alipoungua, waliposikia kimya walidhani imekufa baada yao. Walikuwa wamekisikia kimya, na kimya kilitosha. Walibeba mahindi yao hadi Ziwa, mwendo wa nusu siku, wakituhurumia. Mwenyekiti naye alikisikia. Asubuhi moja tulisikia kishindo cha nyundo huko chini karibu na mto, kwenye sehemu ya kipande chetu yenye nyasi nzuri. Watu wawili walikuwa wanapigilia vigingi. Baba alitembea hadi pale, mkono umefungwa kitambaa, akazungumza nao. Wao waliendelea kupigilia. Akarudi.

"Wamesema ni mwanzo tu," alimwambia mama. "Wamesema Jumamosi mwenyekiti anakuja na mtu wa trekta kumwonyesha hii ingine. Pamoja na nyumba."

Mama alinawa mikono. Akaniambia nimfuate. Alijaza unga uliokuwa unatoka kinuni wakati uleule kwenye mfuko wa kitambaa, akauingiza ndani ya sweta yake kifuani, akavuta leso juu yake, na tukaanza kutembea kwa haraka, karibu kukimbia, kwenye matope. Penye mwanamke aliyekuwa akifua, alisimama. Penye mlango uliokuwa wazi, alisimama. Akatoa unga, akautia kiganjani mwa mwenyeji, konzi moja.

"Shika," alisema. "Iko moto."

Hakueleza zaidi, pumzi haikumtosha. Wengine walishangaa. Mmoja, mke wa mwanakamati, alimcheka: "Mama Nyambura, unauza ama unaomba?" Mama akamfumbia vidole juu ya ule unga na kuondoka. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikiwa nimekwisha kuelewa kila kitu kwa njia yangu. Nilikuwa nimeona jambo hili kabla. Konzi kwa konzi, kiganja kwa kiganja. Tulikuwa tunaaga. Kilichobaki ni lori.

Nilimwacha mama katika mlango wa jirani mmoja nikakimbia peke yangu hadi mtoni, nikavuka juu ya mawe na kupanda kwa Kogo Tabutany. Alikuwa bibi mrefu, masikio yake yametobolewa na kuning'inia, na mara nyingi alinipa maziwa ya kibuyu yenye vumbi jeusi la mkaa, ambayo nilijifunza kuyapenda. Nilimkuta akichambua mahindi kwenye ungo.

"Kogo, nimekuja kukuaga."

"Kuniaga unaenda wapi?"

"Sijui. Tunahama. Mama anagawa unga."

Akauweka ungo chini. "Nani amewafukuza?"

"Mashine imenyamaza."

"Na kwa kunyamaza ndiyo imekufa?" Akaguna. "Mimi mzee wangu alininyamazia mwaka mzima, na bado alikuwa anakula ugali yangu. Hiyo unga mama yako anagawa imesagwa wapi?"

"Kwetu. Leo."

Nikaona uso wake ukibadilika. Hakuwa akifurahi. Alikuwa na hasira. Baadaye niliambiwa kwamba siku mbili kabla alikuwa amekwenda Ziwa na debe lake mgongoni, akarudi na magoti yamevimba. Aliinuka, akashika mkongojo, akanishika mkono, tukateremka.

Alisimama mbele ya kibanda na kusikiliza. Injini ilikuwa inajiongelea ndani. Akaingia, akaweka kiganja chini ya bomba la unga, akakitoa kimejaa.

"Baba Nyambura!"

"Ee, Kogo."

"Kwani umekata hii kitu ulimi?"

"Ndiyo, Kogo. Ilikuwa inakunywa mafuta yote. Sasa inakunywa kidogo."

"Inakunywa kidogo na haipigi kelele." Akatikisa kichwa. "Ungefanyia mzee wangu hivyo. Na mimi natembea mpaka Ziwa kama punda, kwa sababu fundi ameona haya kuja kusema?"

Baba alitazama chini. Nadhani ilikuwa kweli. Aliona haya. Alikuwa mgeni mahali pale, mtu asiye na hisa, na hakujua kama anaruhusiwa kusimama kwenye ua wa watu na kusema, mimi bado nipo.

Kogo alitoka nje, akapanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya kibanda, akakunja mikono mdomoni na kupiga ukelele wa kuitia ng'ombe, mrefu, unaopanda mwishoni. Ulivuka mto. Baada ya kitambo kidogo sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka upande wa pili, kisha nyingine juu zaidi. Akawaambia maneno kwa Kinandi. Akashuka akihema.

"Wakwe zangu," alisema. "Watakuja na wengine."

Walikuja, na kesho yake wakaja zaidi, na tangu siku hiyo Kogo akiliona kutoka ng'ambo blanketi langu limetandazwa juu ya pipa, ishara tuliyopatana kwamba tunasaga, aliita. Jumamosi mwenyekiti alipofika pamoja na mtu wa trekta, kijana mnene aliyetafuna kijiti cha meno, walikuta wanawake wamejipanga hadi barabarani.

Mzee Gathogo alisimama na mikono ndani ya mifuko ya koti la mzungu.

"Tulisikia imekufa," alisema.

"Mlisikia nini?" Mama ndiye aliyeuliza, kutoka kwenye bomba la unga, bila kugeuka.

"Hatukusikia kitu."

Mama akachukua konzi, akaja nayo, nyeupe kuanzia nyusi hadi viwiko, akaitia kwenye kiganja cha mwenyekiti wa kamati mbele ya watu wote. "Shika, Mzee. Iko moto."

Alishika. Sijawahi kumwona mtu mzima akikosa mahali pa kuweka mkono wake kama siku ile. Hakuweza kuutupa unga mbele ya watu waliokuwa na njaa, wala kuutia mfukoni.

"Nyumba na hii ya juu, mtabaki," alisema mwishowe. "Lakini ile ya chini, mtoni, imeshapeanwa. Vigingi imeingia. Siwezi kung'oa."

"Mzee, mashine haikukufa," baba alisema.

"Nimeona. Lakini imeshapeanwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Pipa lilifika mavuno, likabakiza hata dizeli ya kuwashia taa, na sisi tukabaki na kipande cha juu, chenye mawe, tukitazama ng'ombe wa mtu mwingine wakila nyasi zetu za mtoni. Baba hakuwahi kuvuka vile vigingi. Mama alisema mara moja tu, akichuja chai, kwamba tulilipa nusu ya shamba kwa sababu ya kunyamaza. Baba akasema tungelipa lote kwa sababu ya kupiga kelele. Wote wawili walikuwa sahihi, na hawakulizungumza tena.

Yote haya yalinipita nikiwa nimeshika kiganja chake pale Plateau. Nje, sauti za jamaa zilikuwa zimepanda. Walikuwa wamefika kwenye kipande cha juu, kile chenye mawe, na mmoja alikuwa akieleza mahali pazuri pa kuweka vigingi.

Mlango ulifunguka. Mama aliingia taratibu, amepinda mgongo, leso mabegani. Hakunisalimia. Alikuwa amewasikia wote. Alikuja hadi kitandani, akautoa mkono wa baba kwenye mkono wangu, akaliangalia lile kovu, akageuka na kurudi mlangoni.

"Wewe," alimwambia yule binamu yangu aliyetangulia kusema marehemu. "Njoo hapa."

Binamu aliingia akijikuna shingo. Mama alimvuta kifundo cha mkono mpaka kitandani, akakifungua kiganja chake kwa nguvu, akakilaza juu ya kile cha baba, na kuvifunga pamoja kwa mikono yake miwili.

"Shika," alisema. "Bado iko moto."